Usisimuaji wa ubongo kwa sumaku katika tiba ya sklerosisi ya sehemu nyingi

Usisimuaji wa ubongo kwa sumaku (kifupi cha kimataifa: TMS) ni njia ya kuamsha seli za neva za ubongo kutoka nje ya fuvu la kichwa, bila kupasua wala kuingiza kitu chochote mwilini, kwa kutumia mapigo mafupi ya sumaku yenye nguvu nyingi. Njia hiyo ilibuniwa nchini Uingereza mwaka 1985. Makala hii inahusu matumizi yake kwa watu wenye sklerosisi ya sehemu nyingi (kifupi: MS), ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo ambao kwa kawaida huanza katika ujana au utu uzima wa mapema.

Hadi sasa njia hiyo haiponyi ugonjwa huo. Inachoweza kufanya, kwa ushahidi uliopo, ni kupunguza kwa muda baadhi ya dalili zake, hasa kukakamaa kwa misuli ya miguu. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni muhimu sana, kwa sababu mgonjwa anayetafuta nafuu huuziwa kwa urahisi kitu cha pili kwa jina la kile cha kwanza.

Ugonjwa wenyewe

Neva nyingi za ubongo na uti wa mgongo zimevikwa ala ya mafuta na protini iitwayo mielini. Mara nyingi ala hiyo hufananishwa na plastiki inayofunika waya wa umeme, na mfano huo unatosha kwa kuanzia. Lakini mielini hufanya zaidi ya kuzuia umeme usivuje. Imekatika kila baada ya umbali mdogo, na ujumbe wa neva huruka kutoka pengo moja hadi jingine. Ndiyo sababu neva yenye mielini husafirisha ujumbe kwa mwendo unaoweza kuzidi mita 50 kwa sekunde, wakati neva isiyo na mielini husafirisha kwa mita moja au mbili tu.

Katika MS, askari wa kinga ya mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, huingia katika ubongo na uti wa mgongo na kuishambulia mielini. Mahali paliposhambuliwa huvimba, na baadaye hubaki kovu gumu. Jina la ugonjwa linatokana na makovu hayo: "sklerosisi" ni neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha kuwa kigumu, na "sehemu nyingi" ni kwa sababu makovu hutawanyika huku na huku. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot ndiye aliyeueleza kama ugonjwa unaojitegemea, mwaka 1868, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris.

Kwa kuwa makovu yanaweza kutokea popote, dalili nazo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Mmoja hupoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja kwa wiki kadhaa. Mwingine huhisi ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, au miguu yake inakuwa mizito na migumu, au hushindwa kuzuia mkojo. Uchovu usio wa kawaida, ambao hauondoki kwa kulala, ni miongoni mwa malalamiko ya mara kwa mara. Kwa wagonjwa wengi, takriban 85 kati ya 100, ugonjwa huanza kwa vipindi: dalili hutokea kwa siku au wiki kadhaa, kisha hupungua au huisha kabisa, halafu baada ya miezi au miaka hurudi. Hali hiyo ya kuja na kuondoka itajitokeza tena hapa chini, kwa sababu inatatiza kila jaribio la kupima kama tiba fulani inasaidia.

Idadi ya wenye MS duniani inakadiriwa kuwa karibu milioni 3, na wanawake ni angalau maradufu ya wanaume. Chanzo chake hakina jibu moja. Utafiti uliotolewa mwaka 2022, uliotumia kumbukumbu za damu za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10, ulionyesha kwamba aliyeambukizwa virusi vya Epstein-Barr hatari yake ya kupata MS huongezeka takriban mara 32. Hata hivyo watu wazima walio wengi duniani wanavyo virusi hivyo na hawaugui MS, kwa hiyo lazima kuna mambo mengine yanayochangia, yakiwemo urithi, uvutaji wa sigara na upungufu wa vitamini D.

Dawa za kupunguza mashambulizi zimekuwepo tangu mwaka 1993, ilipoidhinishwa interferoni beta nchini Marekani, na tangu hapo zimeongezeka nyingi zenye nguvu zaidi. Dawa hizo huzuia madhara mapya. Hazirudishi kilichokwisha kuharibika, na hapo ndipo sumaku inapotafutiwa nafasi.

Sumaku inavyofika ubongoni

Mwanafunzi aliyewahi kuingiza sumaku ndani ya koili ya waya katika maabara ya shule atakumbuka sindano ya galvanometa ikicheza. Sumaku ikitulia, sindano nayo hutulia. Ni badiliko la uga wa sumaku ndilo linalozaa umeme. Uga wenyewe ukisimama hauzai kitu. Kanuni hiyo iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831, na usisimuaji wa ubongo kwa sumaku wote umejengwa juu yake.

Mashine ya TMS ina kapasita kubwa zinazohifadhi umeme na kuumwaga kwa ghafla katika koili ya shaba iliyoshikwa juu ya kichwa. Mkondo unaopita katika koili hufikia maelfu ya ampia, lakini kwa muda usiofika milisekunde moja. Uga wa sumaku unaotokea karibu na koili hufikia tesla 1.5 hadi 2, yaani makumi ya maelfu ya mara kuliko usumaku wa dunia unaoelekeza sindano ya dira. Uga huo hupita katika ngozi na mfupa kana kwamba havipo. Ndani ya kichwa, kwa kuwa unapanda na kushuka upesi mno, huzalisha umeme mdogo katika tabaka la nje la ubongo, na umeme huo huziamsha seli za neva zilizo hapo. Koili za kawaida hufika kina cha sentimita 2 au 3 tu. Koili yenye umbo la tarakimu nane hulenga eneo dogo kuliko ile ya duara.

Kabla ya hapo watafiti walijaribu kufika ubongoni kwa kupitisha umeme moja kwa moja katika ngozi ya kichwa. P. A. Merton na H. B. Morton walifaulu mwaka 1980 huko Uingereza, lakini njia yao inauma, kwa sababu umeme hukutana na upinzani wa mfupa na huamsha neva za maumivu za ngozi kabla ya kufika unakotakiwa. Miaka mitano baadaye Anthony Barker na wenzake wa Sheffield waliweka koili juu ya kichwa cha mtu na kidole chake kikaruka, bila maumivu.

Kidole hicho kinachoruka bado ndicho kipimo cha kwanza kila mgonjwa anapotibiwa. Mhudumu husogeza koili juu ya sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo, huongeza nguvu kidogo kidogo, na hutazama ni kwa nguvu gani msuli wa mkono unaanza kuitikia. Nguvu hiyo huitwa kizingiti cha mwendo. Hutofautiana kati ya watu, na tiba hupangwa kwa kuifuata, si kwa tarakimu moja inayotumika kwa wote.

Kwanza kipimo, kisha tiba

Uhusiano wa TMS na MS haukuanza kwa tiba. Ulianza kwa upimaji, na upimaji huo unaeleza vizuri ugonjwa wenyewe. Pigo moja likitolewa juu ya kichwa, msuli wa mkono wa mtu mzima mwenye afya huitikia baada ya takriban milisekunde 20. Ukipima pia muda ambao ujumbe hutumia kutoka shingoni hadi mkononi, na kutoa wa pili katika wa kwanza, unabaki na muda wa safari kati ya ubongo na uti wa mgongo: milisekunde kama 6 hadi 8 hivi. Kwa mtu ambaye mielini yake imeharibika katika njia hiyo, muda huo hurefuka, na wakati mwingine ujumbe haufiki kabisa.

Mwaka 1987, miaka miwili tu baada ya mashine kubuniwa, Christian Hess na wenzake walitangaza vipimo hivyo kwa wagonjwa 83 wa MS, na wengi wao walikuwa na ucheleweshaji. Baadaye picha za MRI zilichukua nafasi kubwa zaidi katika utambuzi wa ugonjwa, kwa sababu zinaonyesha makovu yenyewe na mahali yalipo. Kipimo cha sumaku hata hivyo kinaonyesha kitu ambacho picha haionyeshi, yaani kama njia bado inafanya kazi.

Wazo la tiba lilitokana na jambo jingine. Mapigo yakitolewa mengi kwa mfululizo, ubongo haurudi mara moja katika hali yake ya awali. Mapigo ya polepole, moja kwa sekunde au chini ya hapo, kwa kawaida hupunguza wepesi wa seli za mahali hapo kuitikia. Mapigo ya haraka, 5 kwa sekunde au zaidi, kwa kawaida huuongeza. Mwaka 2005 ulianza mtindo wa tatu uitwao theta, ambamo mapigo hutolewa matatu matatu kwa kasi kubwa, makundi 5 kwa sekunde. Katika aina yake inayotolewa kwa vipande, sekunde 2 za mapigo hufuatwa na mapumziko ya sekunde 8, hadi yatimie mapigo 600. Kikao kizima huchukua dakika 3 na sekunde chache, badala ya nusu saa.

Athari ya kikao kimoja hudumu dakika kadhaa hadi saa moja hivi. Vikao vikirudiwa kila siku kwa wiki kadhaa, athari hujilimbikiza. Hufikiriwa kwamba yanayotokea ni sawa na yale ya kujifunza: viungo kati ya seli vinavyotumika pamoja huimarika.

Kukakamaa kwa misuli

Hapa ndipo ushahidi ulipo mzuri zaidi, na ndipo panapofaa kuelezwa kwa kirefu.

Daktari anapogonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira, mguu hurusha teke wenyewe. Msuli umevutwa ghafla, uti wa mgongo umepata habari na kuamuru msuli ujikunje, bila kuuliza ubongo. Kwa mtu mwenye afya, ubongo hutuma wakati wote ujumbe wa kuutuliza uti wa mgongo ili hisia hizo za ghafla zisizidi kiasi. Makovu ya MS yakikata sehemu ya ujumbe huo wa kutuliza, uti wa mgongo hubaki bila msimamizi. Kila msuli unaponyoshwa hujikunja kwa nguvu. Miguu hukakamaa kama mbao, magoti hayakunjiki vizuri, na usiku huja mikazo yenye maumivu inayomwamsha mgonjwa. Dawa kama baklofeni hulegeza misuli, lakini huleta usingizi na wakati mwingine udhaifu, na mgonjwa ambaye miguu migumu ndiyo inayomsaidia kusimama anaweza kushindwa hata kusimama.

Jambo linalojulikana kwa wachache ni kwamba kipimo kinachotumiwa na madaktari duniani kote kukadiria ugumu huo, kile cha Ashworth, kilitungwa mwaka 1964 katika jaribio dogo la dawa kwa wagonjwa wa MS. Daktari hukunja na kunyosha kiungo cha mgonjwa na kutoa alama kwa jinsi anavyouhisi upinzani. Ni kipimo cha mkono wa mtu, kwa hiyo watafiti hupenda kukiongezea kipimo cha umeme: hupiga neva iliyo nyuma ya goti kwa umeme mdogo na kulinganisha msuli wa ndama unavyoitika kupitia uti wa mgongo na unavyoitika moja kwa moja. Uwiano huo ukiwa mkubwa, uti wa mgongo umepandwa na jazba.

Mwaka 2007 Diego Centonze na wenzake mjini Roma, Italia, walitangaza matokeo ya wagonjwa 19 waliokuwa na MS ya vipindi na miguu iliyokakamaa. Walielekeza koili kwenye eneo la ubongo linaloongoza miguu. Kikao kimoja cha mapigo 5 kwa sekunde kilipunguza uwiano ule, na kikao cha pigo 1 kwa sekunde kiliuongeza. Matokeo hayo ya kupishana yana uzito, kwa sababu kama faida ingetokana na imani ya mgonjwa tu, isingetarajiwa aina moja ya mapigo ishushe na nyingine ipandishe. Vikao vilipoendelea kwa wiki mbili, ugumu wa miguu ulipungua na nafuu ilidumu angalau siku 7 baada ya kikao cha mwisho.

Mwaka 2010 Francesco Mori, wa kundi hilohilo, alitumia mtindo wa theta kwa wagonjwa 20, baadhi wakipata mapigo ya kweli na wengine ya bandia. Nafuu ilionekana kwa waliopata ya kweli, na ilidumu hadi wiki mbili baada ya tiba kumalizika. Mwaka uliofuata kundi hilo lilichanganya mapigo na mazoezi ya viungo. Waliopata vyote viwili walinufaika sio katika ugumu wa misuli tu bali pia katika uchovu na shughuli za kila siku. Kwa watu wanaofanya kazi ya kuwazoeza wagonjwa kutembea tena, hilo ndilo tokeo la kuvutia kuliko yote: sumaku ikiulegeza msuli kwa muda, mazoezi hupata nafasi ya kufanya kazi yake.

Mwaka 2020 jopo la wataalamu wa Ulaya lilipitia tafiti zote za TMS na kuzipanga kwa daraja. Daraja A, la uhakika, lilipewa magonjwa machache, yakiwemo sonona na maumivu yatokanayo na neva. Kukakamaa kwa miguu katika MS kwa mtindo wa theta kulipewa daraja B, maana yake "huenda inafaa". Ni daraja la heshima kwa tafiti ndogo kama hizo, lakini si ruhusa ya kuahidi.

Kuna pia mpaka ulio dhahiri katika njia yenyewe. Mapigo yanatolewa ubongoni, na faida inatakiwa kufika katika uti wa mgongo kwa kupitia neva zilezile ambazo ugonjwa umezijeruhi. Palipobaki nyuzi nzima za kutosha, ujumbe wa kutuliza unaweza kuongezwa. Njia ikiwa imekatika kabisa hakuna cha kuongeza.

Dalili nyingine

Kwa dalili nyingine tafiti ni chache zaidi. Mwaka 2007 kundi la Roma liliona nafuu katika kutoa mkojo kwa wagonjwa wachache, na mwaka 2008 Giacomo Koch na wenzake waliona ustadi wa mikono ukiongezeka kwa wagonjwa ambao ubongo wao wa nyuma ulikuwa umeathirika. Kuhusu uchovu, hospitali ya Charité mjini Berlin ilitangaza mwaka 2018 jaribio la wiki sita lililotumia koili inayofika ndani zaidi. Lengo lake la kwanza lilikuwa usalama. Uchovu ulipungua kwa waliosisimuliwa eneo la mwendo, lakini jaribio lilikuwa dogo mno kumaliza ubishi.

Sonona ni suala la pekee. Karibu nusu ya watu wenye MS huipata wakati fulani maishani mwao, na ndiyo maradhi ambayo TMS imeidhinishwa nchini Marekani kuyatibu tangu mwaka 2008. Ingeonekana kwamba jibu liko tayari. Lakini majaribio mengi ya sonona yaliwaacha nje watu wenye magonjwa ya neva, kwa hiyo matokeo yake hayawezi kuhamishwa tu kwa mwenye MS bila tahadhari.

Kukarabati mielini

Swali lenye ujasiri zaidi ni kama sumaku inaweza kusaidia kurudisha mielini yenyewe. Mielini hutengenezwa na seli ziitwazo oligodendrositi, na ubongo wa mtu mzima bado una akiba ya seli changa zinazoweza kukomaa na kuwa oligodendrositi. Tatizo ni kwamba nyingi kati ya seli hizo mpya hufa kabla ya kukomaa.

Mwaka 2019 Carlie Cullen, Kaylene Young na wenzao wa Chuo Kikuu cha Tasmania, Australia, walionyesha kwamba kwa panya wazima mapigo ya sumaku yenye nguvu ndogo yaliongeza idadi ya seli mpya zinazonusurika na kukomaa. Hayakuzalisha seli nyingi zaidi; yaliziokoa zilizozaliwa. Chuo hicho kimeendelea na majaribio kwa watu wenye MS, kwanza dogo la kupima usalama, kisha kubwa zaidi la kupima faida. Panya wengi wamepona magonjwa ambayo binadamu bado anayaugua, na matokeo ya panya hao yasomwe kwa kumbukumbu hiyo.

Kwa nini majaribio ni magumu

Mgonjwa wa MS ya vipindi huenda kwa mganga au daktari siku alizozidiwa. Baada ya wiki chache, wengi hupata nafuu hata wasipopewa kitu, kwa sababu ndivyo ugonjwa ulivyo. Kilichotumika katika wiki hizo, kiwe sumaku, mizizi au maji ya chumvi, ndicho kitakachosifiwa. Zaidi ya hayo, dalili hupanda na kushuka ndani ya siku moja: joto la mchana au kuoga maji moto huweza kumfanya mgonjwa aone ukungu au aishiwe nguvu kwa saa kadhaa.

Ndiyo sababu kundi la kulinganishia ni lazima, na kundi hilo linatakiwa kupata koili ya bandia inayolia "tak, tak" kama ya kweli lakini isiyofikisha uga ubongoni. Hata hapo kuna tatizo. Koili ya kweli humgusa mgonjwa kwa namna ya pekee: ngozi ya kichwa hutekenywa, kidole au mguu huruka. Aliyewahi kuuona mguu wake ukiruka atakisia yuko kundi gani.

Umuhimu wa jambo hilo unaonekana katika historia ya sumaku dhaifu. Katika miaka ya 1990 daktari wa neva Reuven Sandyk, huko Marekani, aliandika taarifa nyingi za wagonjwa wa MS waliosemekana kupata nafuu kubwa kwa uga wa kipimo cha pikotesla, ambao ni dhaifu kuliko usumaku wa dunia kwa mamilioni ya mara. Taarifa hizo zilihusu mgonjwa mmoja mmoja au wachache, bila kundi la kulinganishia. Mtu anayetembea sokoni hupita katika uga wenye nguvu zaidi kila anapokaribia waya wa umeme. Hata hivyo vifaa vya "tiba ya sumaku", mikanda, magodoro na bangili, huuzwa kwa wagonjwa wa MS hadi leo, mara nyingi kwa kutaja tafiti za TMS. Vitu hivyo havihusiani na TMS zaidi ya kushiriki neno "sumaku". Sumaku ya bangili haibadiliki, na Faraday alikwisha kuonyesha kwamba sumaku isiyobadilika haizai umeme.

Usalama

Madhara ya kawaida ni maumivu ya kichwa na ya ngozi mahali koili ilipowekwa. Mlio wa koili ni mkali, kwa hiyo mgonjwa na mhudumu huziba masikio. Hatari kubwa ni degedege kama la kifafa. Hutokea kwa nadra sana pale miongozo ya usalama, iliyotolewa kwanza mwaka 1998 na kurekebishwa mara kadhaa, inapofuatwa.

Kwa mwenye MS kuna sababu za kuongeza uangalifu. Kifafa huwapata watu wenye MS mara nyingi kidogo kuliko watu wengine. Dawa ya fampridini, inayotumiwa na baadhi yao ili watembee vizuri, nayo inaweza kuleta degedege. Anayehudumia hana budi kujua dawa zote anazotumia mgonjwa. Mwenye chuma ndani ya kichwa, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, au mashine ya kurekebisha mapigo ya moyo hatakiwi kukaribia koili hadi mtaalamu atakapoamua vinginevyo. Tena, aliyeanza TMS asiache dawa za kuzuia mashambulizi. Sumaku haizuii shambulio jipya, na jeraha analolipata mtu aliyeacha dawa laweza kubaki la kudumu.

Miguu iliyokakamaa katika Afrika Mashariki

MS ni nadra katika Afrika Mashariki ikilinganishwa na Ulaya ya kaskazini, ingawa sehemu ya uchache huo yaweza kutokana na uhaba wa MRI na wa madaktari wa neva. Mtu anayeishi Mwanza au Kisumu na kuanza kukakamaa miguu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na ugonjwa mwingine, kwa mfano kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kina dawa na hakipaswi kusubiri. Ugonjwa mwingine, uitwao neuromielaitisi optika, huharibu macho na uti wa mgongo na hufanana na MS, na huwapata watu wenye asili ya Afrika kwa kiwango kikubwa kuliko Wazungu. Aliye na ugonjwa huo akipewa interferoni beta kwa kudhaniwa ana MS anaweza kuzidiwa, kwa hiyo utambuzi hutangulia tiba yoyote.

Kuna pia konzo, ambayo huja ghafla kwa watu waliokula kwa wiki nyingi muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vya kutosha, hasa wakati wa ukame au vita. Jina lake ni la lugha ya Kiyaka ya Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mlipuko wa mwaka 1985 katika wilaya ya Tarime, Tanzania, ni miongoni mwa iliyochunguzwa kwa makini. Konzo haina makovu ya mielini kama MS. Mwaka 1993 Thorkild Tylleskär na wenzake walitangaza uchunguzi wa wagonjwa wawili walioathirika vibaya: picha za MRI za ubongo na uti wa mgongo zilikuwa za kawaida, lakini koili ya sumaku ilipowekwa juu ya vichwa vyao, misuli yao haikuitika kabisa.